Kutenganisha Kabla ya Kusema

Kidonge cha mseto cha malaria kikiwekwa mezani hakisemi lolote. Ni cha njano, kidogo, na kinapaswa kuwa na dawa mbili ndani yake: miligramu 20 za artemetha na miligramu 120 za lumefantrini. Kikikosa moja kati ya hizo, rangi yake haibadiliki. Mama wa Kongwa anayempondea mtoto wake dawa kwenye kijiko haoni tofauti, na muuzaji aliyempa pakiti haoni pia. Tofauti hiyo huonekana mikononi mwa mtu mmoja tu, mchambuzi wa dawa, naye huiona kwa kufanya jambo ambalo halina njia ya mkato: kuvitenganisha vilivyochanganywa, kuvilinganisha na kinachojulikana, na kusubiri.

Kazi hii ina makao yake ya kisheria Dodoma. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ilianza mwaka 2003 ikiwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, na kubadilishwa jina mwaka 2019 udhibiti wa chakula ulipohamishiwa kwingine. Sasa makao makuu yake yako katika jiji hili. Mwishoni mwa 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mfumo wa udhibiti wa dawa wa Tanzania umefika ngazi ya tatu ya ukomavu, wa kwanza kufika hapo barani Afrika. Sifa kama hiyo husikika kama jambo la mikutano na vyeti. Ukikaa kwenye kona ya maabara na kutazama, unagundua kwamba imejengwa kwa mambo madogo sana, kama vile saa ambayo mtu aliandika kwenye daftari na tone ambalo alikataa kulidondosha mara mbili.

Mchambuzi niliyemtazama ni mwanamke wa makamo ambaye vijana wa maabara humwita Mama. Alitusalimu kwa Kigogo, “Mbukwenyi,” akacheka kusikia tulivyojibu, kisha akavaa glavu na asizungumze tena kwa muda mrefu.

Anaanza na macho. Sampuli imefika kwenye bahasha iliyofungwa, ina namba. Anasoma namba ya toleo kwenye boksi, anaisoma tena kwenye karatasi ya alumini, anahakikisha zinafanana. Tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kuisha, jina la kiwanda, herufi moja baada ya nyingine, kwa kuwa waghushi wengi huteleza kwenye tahajia. Anageuza karatasi kwenye mwanga akitafuta matundu. Anakitoa kidonge kimoja, anakitazama pande zote, kina madoa, kina nyufa, kina harufu? Yote yanaandikwa, hata yale ambayo hayana kasoro. “Kisichoandikwa hakikufanyika,” anamwambia kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma aliye fildi kwake, bila kuinua kichwa.

Kisha maji. Anapasha maji hadi nyuzi 37, joto la mwili, anatumbukiza vidonge sita na kubonyeza saa. Kidonge cha kawaida kisichopakwa kitu kinapaswa kumeguka chote ndani ya dakika 30. Kisipomeguka, dawa iliyomo inaweza kupita tumboni na kutoka kama ilivyoingia. Hapa hakuna cha kufanya ila kutazama, na yeye anatazama. Kidonge cha kwanza kinapasuka ubavuni, unga unashuka taratibu hadi chini ya chombo. Anaandika dakika. Haondoki mpaka cha sita kimeisha, ingawa vitano vya kwanza vimekwisha kumwonyesha jibu.

Kipimo kinachofuata ndicho nilichokuja kukiona. Kinafanyika kwa vifaa vinavyoenea kwenye masanduku mawili ya kubebwa, maabara ndogo iliyobuniwa na mfuko wa hisani wa Ujerumani, ambayo Tanzania imekuwa ikiitumia tangu 2002 kwenye vituo vya mipakani na kwenye kanda. Haihitaji mashine kubwa. Inahitaji mkono uliotulia.

Mama anakifunga kidonge kwenye karatasi ya alumini na kukiponda kwa mchi mdogo mpaka kiwe unga. Anaumimina wote kwenye chupa, anaikung’uta karatasi, anaikung’uta tena, kwa sababu unga unaobaki kwenye mkunjo ni dawa itakayohesabiwa kuwa haikuwepo. Anaongeza kiyeyusho kwa pipeti, macho yake yakiwa sawa na mstari wa kipimo. Anafunga, anatikisa kwa dakika tatu, anaacha vijazio visivyoyeyuka vitue chini. Kiyeyusho hiki huvukiza haraka, na Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni kavu na upepo wake wa kiangazi hauna huruma. Chupa ikiachwa wazi, kiyeyusho kinapungua, dawa iliyobaki inaonekana kuwa nyingi kuliko ilivyo, na kidonge dhaifu kinapita mtihani. Kwa hiyo kila mara anapochota, mkono wa kushoto tayari unarudisha kifuniko. Sikumwona akikisahau.

Pembeni anatayarisha miyeyusho miwili ya dawa rejea, yaani dawa ambayo kiasi chake kinajulikana kwa hakika. Mmoja una asilimia 100 ya kinachotakiwa. Mwingine una asilimia 80. Sampuli itasimama kati ya hiyo miwili. Ikifanana na wa kwanza, vema. Ikififia chini ya wa pili, ina maswali ya kujibu. Uchambuzi wote, niliambiwa, unaanzia hapa: huwezi kusema kitu ni kingi au kichache mpaka uwe umeweka kando yake kitu unachokijua.

Sasa anachukua bamba. Ni kipande cha alumini, sentimita 5 kwa 10, kilichopakwa tabaka jembamba jeupe la jeli ya silika. Anakishika kwenye kingo tu. Kwa penseli laini anachora mstari sentimita moja na nusu kutoka chini, bila kukwaruza tabaka, na kuweka alama nne. Anachovya mrija wa kioo mwembamba, kapilari, ambao hujivutia wenyewe mikrolita mbili, kiasi kidogo kuliko tone lolote ulilowahi kuliona. Anausimamisha wima juu ya alama ya kwanza na kugusa. Kioevu kinashuka chenyewe na kuacha doa la milimita chache. Anasubiri likauke. Mrija mpya, alama ya pili. Akibonyeza, atatoboa silika. Akichelewesha mkono, doa litapanuka na kusoma kwake kutakuwa kwa kubahatisha. Madoa manne yanakaa kwenye mstari mmoja, yana ukubwa mmoja. Kijana aliye fildi alikuwa amejaribu bamba lake asubuhi hiyo. Lilikuwa kando, madoa yake matatu mazuri na moja kubwa. Mama hakulitupa. Alimwambia alitunze, alilinganishe na la kesho.

Chombo cha kioo kimekwisha kuwekewa kiyeyusho chini na karatasi ya chujio ukutani, kimefunikwa kwa robo saa ili hewa ya ndani ijae mvuke. Anateremsha bamba taratibu, ukingo wa chini ukilowa na madoa yakibaki juu ya kioevu, na kufunika. Kioevu kinaanza kupanda ndani ya silika. Kinapofika kwenye madoa kinayachukua. Hapo ndipo utengano unapotokea: kila dawa huvutwa na vitu viwili, silika inayoishika na kiyeyusho kinachoipeleka. Inayoipenda zaidi silika hubaki nyuma. Inayokipenda zaidi kiyeyusho hutangulia. Zilianza pamoja kwenye doa moja, zitamaliza mbalimbali.

“Mama, bado?” kijana anauliza.

“Bado, mwanangu. Usilisogeze.”

Kioevu kinapofika robo tatu ya bamba analitoa, anaweka alama ya penseli palipoishia kabla hapajakauka, kisha analikausha. Kwenye kibanda cheusi anawasha taa ya urujuanimno ya nanomita 254. Bamba zima linang’aa kijani, na juu ya kijani hicho kuna madoa meusi manne, yote kwenye kimo kimoja. Hiyo ni lumefantrini. Anayazungushia penseli, anapima kila kimo kwa rula, analinganisha weusi wa sampuli na ule wa asilimia 100 na ule wa asilimia 80.

Lakini dawa ni mbili, na ya pili haionekani. Artemetha hainyonyi mwanga huo. Mtu mwenye haraka angeishia hapa na kutangaza kwamba kidonge ni kizima, na kidonge ambacho mtengenezaji wake alibania dawa ya pili kingepita. Mama analichovya bamba kwenye asidi ya salfuriki iliyochanganywa na methanoli, analiacha lichuruzike, analiweka juu ya jiko la umeme. Mahali palipokuwa patupu, safu nyingine ya madoa inajitokeza polepole kwa rangi yake. Anainama, anatazama kimo, umbo, ukubwa na ukolevu. Anaandika. Hapo ndipo anaposema neno: sampuli haina tofauti ya kuonekana na dawa rejea.

Hakusema ni nzuri. Bamba halijampa haki hiyo. Jicho haliwezi kutofautisha asilimia 92 na asilimia 97, na toleo lenye shaka huenda kwenye mashine kubwa ya kromatografia ya kioevu. Kwenye mashine hiyo silika imefungwa ndani ya kolamu ya chuma yenye urefu wa kiganja na kidogo, na pampu inasukuma kiyeyusho kwa mgandamizo mkubwa. Kila kioevu huchujwa kwanza, kwani chembe moja ya vumbi, na vumbi la Dodoma ni laini sana, inaweza kuziba njia. Kolamu hupewa muda wa kuzoea kiyeyusho mpaka mstari kwenye skrini utulie. Kisha dawa rejea huingizwa mara tano au sita mfululizo, na mashine isiporudia jibu lake kwa tofauti ndogo, kwa kawaida isiyozidi asilimia 2, hairuhusiwi kuigusa sampuli. Mashine yenyewe hufanyiwa mtihani kabla ya kupewa kazi. Tanzania ina maabara ya namna hii Dar es Salaam, iliyotambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011.

Nilimuuliza Mama ni dawa gani anayoiona kuwa ngumu zaidi kuichambua. Alijibu bila kusita: zile ambazo dawa mbili zimeshikanishwa zikawa kitu kimoja. Alikuwa akizungumzia kingamwili zilizobebeshwa sumu, dawa za saratani ambazo hufundishwa sasa vyuoni na kutengenezwa katika viwanda vichache duniani. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2000, ikaondolewa sokoni 2010, ikarudi 2017. Kingamwili ni protini kubwa, yenye uzito wa daltoni 150,000 hivi, inayotambua seli ya saratani na kujishikiza kwayo. Sumu ni molekuli ndogo, mara nyingi chini ya daltoni 1,000, kali mno kutolewa peke yake. Kati yao kuna kiunganishi ambacho kinapaswa kushika imara ndani ya damu na kuachia ndani ya seli.

Sumu mbili kati ya zinazotumika sana zina asili upande wetu wa dunia. Maitansini ilipatikana katika mmea wa Ethiopia, jamaa ya vichaka vyenye miiba vinavyoota pia katika nyika za Tanzania, na ilitangazwa mwaka 1972 na kundi la mwanakemia Kupchan huko Marekani. Ili kupata kiasi cha kufanyia majaribio, miaka ya 1970 zaidi ya tani 27 za mmea wa jamaa hiyo zilivunwa Shimba Hills, kusini mwa Mombasa. Majaribio yalishindikana kwa sababu sumu iliumiza wagonjwa kupita kiasi. Miongo kadhaa baadaye jamaa yake, iliyotengenezwa kutokana na bakteria, ilifungwa kwenye kingamwili na kuidhinishwa mwaka 2013 kwa saratani ya matiti. Ya pili ina mizizi katika konokono wa baharini aliyekusanywa karibu na Mauritius. Kiini chake kilielezwa na mwanakemia Pettit mwaka 1987, na kutokana na muundo huo ikatengenezwa sumu inayobebwa na dawa ya saratani ya tezi za limfu iliyoidhinishwa 2011.

Swali la mchambuzi kwa dawa hizi ni lile lile la kidonge cha njano: kuna nini humu, na kiasi gani? Ila sasa kuna swali la tatu: kila kingamwili imebeba sumu ngapi? Fikiria punda wa kubeba maji kwenye njia ya Chamwino. Ukiambiwa kwa wastani kila punda ana madumu manne, hujui kama wote wana manne, au mmoja ana manane na mwenzake anatembea mgongo mtupu. Mgongo mtupu hautibu. Mzigo wa manane huchosha: kingamwili iliyojazwa sana hupenda kugandamana na kuondolewa na mwili haraka. Kwa hiyo wastani, ambao kwa dawa ile ya 2011 ni kama sumu nne na kwa ile ya 2013 ni kama tatu na nusu, hautoshi. Lazima kundi litenganishwe.

Namna ya kulitenganisha ingemfurahisha yeyote aliyetazama bamba la Mama. Sumu hizi haziyapendi maji. Kingamwili hupitishwa kwenye kolamu ikiwa ndani ya maji yenye chumvi nyingi, na kila moja hushikwa kulingana na mzigo wake. Chumvi inapopunguzwa pole pole, isiyo na sumu huachia kwanza, kisha yenye mbili, nne, sita, na mwisho nane. Kwenye skrini hutokea vilele vitano, na eneo la kila kilele ni sehemu yake ya kundi. Kwa ile ya 2013, ambayo sumu zake hushikanishwa mahali pengi tofauti kwenye protini, vilele hivyo havitengani vizuri, na kazi huhamia kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli, ambapo kila sumu iliyoongezeka huonekana kama ngazi moja ya uzito.

Namba za shufwa za dawa ile ya 2011 zina sababu, na sababu hiyo ndiyo inayofanya utengenezaji uhitaji ulinzi wa saa kwa saa. Minyororo ya kingamwili ya aina hii imefungwa pamoja kwa vifungo vinne vya salfa. Mtengenezaji huongeza kemikali ya kuvifungua, lakini kwa kiasi kilichopimwa ili vifunguke baadhi tu. Kila kifungo kinachofunguka huacha nafasi mbili, na kila nafasi hupokea sumu moja. Wakati kazi inaendelea kwenye joto lililodhibitiwa, sampuli ndogo huchotwa, huongezewa kemikali inayogeuka njano inapokutana na nafasi hizo, na unjano husomwa kwenye nanomita 412. Rangi ikiwa hafifu, subiri. Ikifika, ongeza sumu. Ikipita, hakuna kurudi. Baada ya sumu kushikana, kinachofuata ni kuisimamisha kazi kwa kemikali nyingine, kisha kuizungusha dawa juu ya utando wenye matundu madogo ili sumu isiyoshikwa ipite na kingamwili ibaki.

Bado hapo vipimo havijaisha. Kolamu nyingine hutenganisha kwa ukubwa: ndani yake kuna punje zenye vitundu, molekuli ndogo huingia na kuzunguka humo, yale mabonge yaliyogandamana hayawezi kuingia na hutoka mapema. Kolamu ya tatu hutafuta sumu iliyobaki huru, kwa kuwa hata kiasi kidogo chake kitamdhuru mgonjwa bila kufika kwenye uvimbe. Kipimo cha nne huuliza kama kingamwili bado inaitambua seli yake baada ya kubebeshwa. Hakuna kipimo kimoja kinachoona yote, kama ambavyo taa ya Mama haikuiona artemetha. Ustadi ni kujua kila chombo ni kipofu wa nini, na kukiwekea mwenzake.

Hayo yote huishia kwenye karatasi, na karatasi huletwa kwa msimamizi wa dawa wa nchi ambako dawa itauzwa. Kusoma faili la namna hiyo ni ufundi wa namna yake. Msomaji hutazama vilele kama vimetengana kweli au vimechorewa mipaka kwa matumaini. Huuliza toleo la majaribio na toleo la kiwandani kama yana sura moja. Hutafuta ukurasa ambao mtengenezaji anaonyesha mbinu yake ilivyopimwa kabla ya kuaminiwa, na asipouona anaandika barua ya kuuomba. Anayefanya kazi hiyo vizuri ni yule aliyewahi kuteremsha bamba kwenye kioo kwa mkono wake, anayejua doa lililopanuka linafananaje na linatokana na nini.

Mama alimaliza siku yake kwa kulitoa daftari kwa mwenzake alikague. Mwenzake alipitia kila mstari, akasimama kwenye mmoja: muda wa kutoa bamba la pili haukuandikwa. Kila mtu chumbani aliona bamba likitolewa. Madoa yalikuwa mazuri, matokeo yaliwiana na ya bamba la kwanza. Mama alisoma mstari ule, akatikisa kichwa kukubali, akachukua bamba jipya na penseli. Ripoti itakayotoka kesho itasema kwamba sampuli imekidhi vipimo vilivyofanywa, na kuvitaja vipimo hivyo kimoja kimoja. Haitaongeza neno juu ya hayo, na kwa sababu hiyo daktari wa Kongwa anaweza kuitegemea.